Mnara Niliotaka Kuusimamisha kwa Filimbi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla lango la karakana halijafunguliwa, na bado nikamkuta mtu amenitangulia. Mambo yangu mengi yalianzia hapo, kwa hivyo wacha niyaeleze taratibu. Ilikuwa Kitui mjini, miaka michache baada ya Uhuru, kwenye karakana ya idara ya maji. Nilikuwa nimelala kwa shangazi yangu mjini makusudi nisichelewe, nimevaa shati la kuazima, najiambia leo lazima nionekane. Kumbe kuna kijana ameshaketi juu ya pipa la oili, miguu inaning'inia, anaimba kwa sauti ya chini utadhani hapo ni kwao. Aliitwa Ndeto, mtu wa upande wa Kibwezi. Aliposikia nami nimekuja kuandikwa kazi, alisogea akanipa nafasi kwenye pipa. Tuliandikwa ukurasa mmoja, yeye mstari wa juu, mimi wa chini. Karani aliniambia mstari hauna maana yoyote. Mimi niliona unayo.

Nyinyi vijana mnajua pampu ya dizeli. Inanguruma, maji yanakuja, mafuta yakiisha mnalala na kiu. Sisi tulifanya kazi na vinu vya upepo. Kinu ni mnara wa chuma wenye miguu minne, juu yake gurudumu la mapanga kumi na manane, na nyuma ya gurudumu mkia wa bati. Mkia ndio unaoligeuza gurudumu lielekee upepo, na upepo ukizidi unajikunja ili gurudumu likae kando lisivunjike. Kati ya gurudumu na mkia kuna sanduku la gia linalokaa ndani ya oili. Hilo ndilo linalougeuza mzunguko uwe wa kupanda na kushuka, likivuta fimbo ndefu inayoteremka ndani ya bomba mpaka kwenye silinda, chini kabisa ya kisima. Ndani ya silinda kuna pistoni iliyovishwa vikombe vya ngozi. Ngozi ikibana vizuri, kila fimbo ikipanda inabeba maji. Ikichakaa, gurudumu linazunguka mchana kutwa, tangi ni tupu, na ng'ombe wanakutazama.

Siku hiyo hiyo Fundi Mkuu alitupima. Alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kilemba cheupe, aliyekuwa kwenye kazi hiyo tangu ukoloni, na hakuwa mtu wa maneno. Alitupeleka kwenye kinu kilichokuwa nyuma ya karakana, kilichokuwa kikitoa maji kidogo sana, akatuambia tutafute ugonjwa wake. Mimi nikachukua spana nikaanza kukaza nati, moja baada ya nyingine, haraka. Ndeto hakugusa kitu. Aliweka sikio kwenye bomba, akafumba macho, akasema maji yanapandishwa halafu yanarudi. Tukavuta mabomba mpaka mchana, na kweli vali ya chini ilikuwa imelika. Fundi Mkuu alinishika bega.

"Wewe iko na mkono mzuri," akaniambia. Halafu akamgeukia Ndeto. "Lakini huyu iko na sikio. Mkono mimi naweza kufundisha."

Akaenda kunywa chai yake. Mzee huyo ameshakufa zamani, na mimi bado ninayo hayo maneno.

Sitaki mfikiri nilikuwa fundi mbovu. Kwa vikombe vya ngozi hakuna aliyenishinda, si Kitui, si upande wa Makueni. Ngozi ya kuletwa kutoka stoo ukiitia kavu kavu inapasuka baada ya muda mfupi. Mimi nilitafuta ngozi ya mgongo wa fahali, nikaikata kwa mkono, nikailoweka siku tatu kwenye mafuta ya ng'ombe, kisha nikaikandamiza kwenye kibao chenye shimo mpaka ishike umbo la kikombe. Mke wangu Kalekye alilalamika kwamba nyumba inanuka zizi, na alikuwa na haki. Lakini pistoni niliyoivisha mimi ilikaa chini misimu mingi kabla ya kuitwa juu. Shida ni moja tu. Kikombe cha ngozi kiko futi mia mbili ndani ya ardhi. Nani atakiona? Nani atasimama aseme, huyu Kimanthi ameikata ngozi hii vizuri? Sikio la Ndeto kila mtu alilijua, kwa sababu alilitumia mbele ya watu.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa kaskazini ya Kitui, kwenye nchi kavu ambako wafanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki walipitisha ng'ombe na ngamia wao. Kulikuwa na mmoja tuliyemwita Haji, mzee wa heshima, ndevu zimepakwa hina. Mifugo yake ilikuwa imesimama siku mbili kwenye birika lisilo na maji. Ndeto akasikiliza bomba, akasema fimbo imekatika, tena karibu na kiungo cha tano. Basi kazi ikaanza, na kazi ilikuwa yangu. Nilisimamisha miguu mitatu ya kunyanyulia, nikafunga cheni, nikavuta bomba moja, nikalibana lisirudi shimoni, nikalifungua, nikavuta la pili, tangu asubuhi mpaka alasiri, mpaka viganja vikachubuka. Ilikuwa kiungo cha tano. Maji yalipotoka Haji akachinja mbuzi, akampa Ndeto paja zima, akasema mbele ya watu wote kwamba kijana huyu anasikia chuma kikiugua. Mimi nikapewa mbavu. Nyama ilikuwa tamu na niliichukia. Ndeto alinikatia nusu ya paja lake bila kuombwa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Kutoka huko tulihamishiwa Nunguni, kwenye baridi na ukungu, kutengeneza kinu cha kanisa moja la kiinjili. Mimi nilikuwa nimeokoka. Ndeto wakati huo alikuwa anasitasita, akionja kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, Jumamosi na kuomba msamaha Jumapili. Mchungaji alituita mbele tusalimie ushirika, na nani akaombwa aongoze pambio? Ndeto. Akaimba mpaka akina mama wakasimama wakipunga vitambaa. Mimi niliyeokoka nikapiga makofi.

Niseme wazi, maana nimezeeka na sina wa kumficha: nilimwonea wivu. Tena si wivu wa kuja na kuondoka. Nilikuwa nikiamka, kabla sijanawa uso, najiuliza leo watamsifu nini. Na ubaya wake ni kwamba Ndeto hakunipa sababu. Hakuringa, hakunisengenya. Nikiugua alifanya kazi yangu na yake. Mtu kama huyo ukimchukia unabaki peke yako, kwa sababu hakuna atakayekuunga mkono.

Sasa niwaeleze mnara ulivyosimamishwa, maana bila hilo hamtaelewa nilichofanya. Hatukuwa na mashine ya kunyanyua. Mnara uliungwa ukiwa umelala chini. Miguu yake miwili iliwekwa kwenye bawaba nzito juu ya saruji, ili uinuke kama kifuniko cha sanduku. Kamba nene ilifungwa karibu na kilele, ikapitishwa juu ya mlingoti mfupi, ikaingia kwenye kapi, kisha ikatoka ndefu kwenda kwa wavutaji. Kamba ya pili, ile ya nyuma, ilishikwa upande wa pili, ili mnara ukishafika juu usipitilize ukaanguka ng'ambo. Ikiwa mnara haujafika juu, kamba ya nyuma inalegea tu, haina kazi. Wavutaji walikuwa mwethya, kikundi cha kazi cha kijiji, na mwethya kwetu ni wanawake. Wanaume walichimba mashimo, wakamaliza, wakabaki kutoa maoni.

Mwethya haivuti kwa amri, inavuta kwa wimbo. Kiongozi wa wimbo, ambaye kwetu ni ngui, anatoa mstari, wanawake wanaitikia, na kwenye neno la mwisho la kiitikio kila mguu unakanyaga na kila mkono unavuta. Ndivyo walivyochimba matuta ya shamba na mabwawa tangu tukiwa watoto. Mwanamke aliye kwenye kamba hautazami mnara, anasikiliza. Ndeto ndiye aliyekuwa ngui wetu. Na katikati ya wimbo hutiwa majina ya watu: chifu, mama fulani aliyetoa uji, fundi aliyeleta maji. Wanawake wenyewe walimtia Ndeto kila mahali. Mimi niliyefunga bolti zote, sikutiwa. Mara moja, upande wa Kitui, Ndeto mwenyewe alinitia, akaimba "Kimanthi wa ngozi". Wanawake wakacheka, nami nikamwambia asirudie tena maishani.

Halafu ikaja zamu ya Kalamba, na Kalamba ndiko kwetu. Wakati huo tulikuwa chini ya Inspekta wa Maji mpya, kijana kuliko sisi, ametoka chuoni, anavaa tai hata porini. Alitueleza kwamba kuna nafasi ya nyapara wa mafundi upande wote wa Makueni, na kwamba jina atakalolipeleka kwa Bwana Injinia, mkubwa wake, litategemea mnara wa Kalamba utakavyosimama. Akaniambia kwa kuwa ni kwetu nitaongoza mimi. Nilipaswa kufurahi, nikafurahi siku moja tu. Siku ya pili nikaanza kufikiri. Kwenye kamba ya Kalamba atakuwepo Kalekye. Atakuwepo mwaitu, mama yangu mzazi, maana alikuwa mkubwa katika mwethya ile. Nikajionea mama aliyenizaa akivuta kamba ya kinu changu, nyumbani kwangu, akiimba jina la mtu wa Kibwezi.

Mjue pia kwamba kwetu Ukambani mahali hupewa jina la mtu. Utasikia Kwa fulani, Kwa fulani, na huyo fulani labda alikuwa na duka tu, au alichimba kisima. Jina hilo huliombi na hulinunui. Watu wakianza kulitamka, limekwisha kuwa. Niliutamani huo mnara uwe Kwa Kimanthi kuliko nilivyoutamani unyapara. Nikanunua filimbi dukani, ile ya refa wa mpira, nikaitia mfukoni, sikumwambia mtu.

Asubuhi ya kazi wanawake walijipanga kwenye kamba, vibarua wawili wakakaa chini kwenye bawaba na mitalimbo ya kuongoza miguu. Inspekta alikuwa amesema atafika mchana. Ndeto akanijia akauliza tuanze na wimbo upi.

"Leo hakuna wimbo," nikasema, tena kwa sauti. "Hii ni kazi ya serikali, si ngoma. Nitapiga filimbi, watavuta. Wewe nenda kamba ya nyuma."

Aliniangalia. "Kimanthi, hawa hawajawahi kuvuta kwa filimbi."

"Watajifunza."

Akaenda. Kwa kawaida hakubishana nami mbele ya watu. Nilimtazama akitembea mpaka mwisho kabisa wa kamba ya nyuma, nikasikia raha, Mungu anisamehe.

Filimbi ya kwanza mnara uliinuka kidogo. Ya pili pia, ingawa si sawasawa. Wanawake wa mbele walivuta wakisikia mlio, wa nyuma walingoja wenzao, na wazee kama mwaitu walisubiri neno la mwisho la kiitikio ambacho hakikuwepo. Badala ya kusimama nikapiga filimbi haraka zaidi. Mnara ulipofika katikati ukaanza kuyumba. Nusu ya mwethya ikavuta, nusu ikalegeza, kamba ikaruka mikononi, ikaanza kukimbia kurudi kwenye kapi. Wanawake wakaanguka mmoja juu ya mwingine. Chini ya ule mnara walikuwa wale vibarua wawili, na mimi nilikuwa na filimbi mdomoni na sikuwa na pumzi ya kuipiga.

Ndeto aliiacha kamba ya nyuma iliyokuwa imelegea chini, akakimbia kwenye kapi, akaidaka ile iliyokuwa inakimbia, akaizungusha kwenye kisiki kilichokuwa hapo karibu. Mkono wake wa kulia ukabanwa. Vidole viwili vilikatika hapo hapo. Na akiwa ameubana mkono huo kwapani, damu inashuka kwenye suruali, akautoa mstari wa wimbo. Sijawahi kusikia sauti mbaya zaidi ikitoka kwa mtu yule. Lakini wanawake waliitika kabla hata hawajasimama vizuri, wakaishika kamba, wakakanyaga, wakavuta. Kibarua mmoja akaiokota kamba ya nyuma, akaishikilia. Mnara ukapanda mpaka juu kwa wimbo wa Ndeto, ukasimama wima, nami nikafunga bolti. Ndiyo kazi niliyobakiziwa.

Ndeto akapelekwa hospitalini kwa gari la mwenye duka. Inspekta alipofika mchana aliona damu, akaona mnara, akaniketisha kwenye gari lake.

"Kamba ya nyuma alikuwa nayo nani?" akauliza.

"Ndeto, bwana."

"Akaiacha?"

"Aliiacha, bwana."

"Andika hivyo."

Nikaandika hivyo. Kila neno lilikuwa la kweli. Hakuniuliza kwa nini aliiacha, na mimi sikumwambia. Hakuniuliza habari za wimbo, kwa sababu mtu wa chuoni hakujua kwamba kuna wimbo. Filimbi niliitupa kwenye choo cha shimo. Baada ya mwezi mmoja barua ilikuja kwamba Ndeto ameondolewa katika daraja la mafundi kwa kuacha mahali pake wakati wa kazi ya hatari, na amepelekwa Kibwezi kulinda stoo ya mabomba. Barua nyingine ilikuja na jina langu. Nilipata unyapara, baiskeli na koti la mvua.

Mtadhani hapo wivu uliisha. Haukuisha. Kinu cha Kalamba kilifanya kazi vizuri sana, na vikombe vyake vya ngozi nilivikata mwenyewe, nikarudi kuvikagua mara kwa mara kuliko vya kinu kingine chochote. Wanawake waliacha kwenda mtoni, watoto wakawahi shule. Lakini haikufika hata mwezi tangu barua zile nikasikia mwanamke akimwambia mwenzake njiani kwamba anatoka Kwa Ndeto. Nikadhani nimesikia vibaya. Kesho yake nikasikia tena. Nikaandika kwenye tangi kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: KALAMBA NAMBA TATU. Hakuna aliyepaita hivyo ila mimi na karani wa ofisi. Wanawake walipita mbele ya boma langu na maji mgongoni, wakanisalimu kwa adabu, "Habari ya nyumbani, Fundi, sisi tunatoka Kwa Ndeto." Nikiwasahihisha wanakubali, "Ndiyo, Fundi," na kesho yake ni yale yale. Mwaitu naye alikuwa hivyo hivyo. Nilimkemea siku moja, nikamwambia kinu hicho nimekijenga mimi mwanawe. Akasema anajua.

Nikafanya kazi nikiwa nyapara miaka kumi na kitu, nikawa na mafundi sita chini yangu, nikazunguka kutoka milimani mpaka nyanda za chini. Naweza kuwahesabia vinu vyote nilivyosimamisha. Vyote nilivisimamisha kwa wimbo, nikitafuta ngui wa mahali hapo, na sikupiga filimbi tena. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoitwa jina langu. Nilipopita mahali nikasikia Kwa Mutinda au Kwa Nduku, niliuliza huyo alikuwa nani, alifanya nini cha maana. Kwa kawaida ilikuwa kioski cha chai.

Mara moja nilitumwa Kibwezi kukagua mabomba. Nilijiandaa njia nzima nitakavyomjibu Ndeto akinitukana. Nilimkuta ameacha ulinzi, amekodi shamba karibu na mto, anamwagilia vitunguu kwa mifereji aliyoichimba mwenyewe. Vitunguu vyake vilikuwa vikubwa kama ngumi. Alinisalimu kwa mkono wa kushoto, akanipa kiti, mkewe akaleta chai. Aliuliza habari za Kalekye, habari za mwaitu, akauliza kinu cha Kalamba kinalia vipi siku hizi. Nikamwambia kinalia vizuri. Habari ya jina sikumpa. Aliyajaza masikio yangu stori za mifereji mpaka jua likainama, na hakugusa siku ile hata kwa neno moja. Nilikuwa nimejiandaa kwa chuki yake, na hata hiyo alininyima. Nilirudi na nusu gunia la vitunguu, na njia nzima nikawa namwonea wivu kwa roho yake.

Nilistaafu mwanzoni mwa miaka ya tisini. Walinipa cheti, blanketi na soda. Vinu vilikuwa vimeanza kufa. Gia zikikatika hakuna za kubadilisha, watu waling'oa mapanga wakatengeneza milango ya kuku, na pampu za dizeli zikaingia kila mahali. Kijana mmoja wa ofisini aliniuliza ngozi ya fahali ni ya nini. Nikamweleza, akaandika, sidhani ameisoma tena. Kama mwasoma haya na mnafanya kazi ya mikono, nawaambia kile nilichokiona: sehemu nzuri ya kazi yako itakuwa mahali pasipoonekana, na ukianza kumtazama anayeonekana, hata ile yako utaiharibu. Hilo nalijua kwa kichwa. Moyo wangu haujalikubali bado.

Mwaka uliofuata naibu wa chifu aliitisha baraza karibu na kile kinu. Shule mpya ya msingi ilikuwa inajengwa, na sehemu ya kiwanja nilikuwa nimeitoa mimi katika shamba langu. Lilitakiwa jina la kuandikishwa na kupakwa kwenye ubao barabarani. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema anayestahili yuko mbele yetu, ametoa ardhi, ametumikia serikali miaka yake yote, kwa hivyo shule iitwe Kwa Kimanthi. Wanaume wakapiga makofi. Mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu. Niwaambie kweli: siku hiyo nilikuwa nimevaa koti na tai, kwenye jua lile, kwa sababu mzee huyo alikuwa amenidokezea jana yake.

Halafu Kalekye akasimama. Mke wangu si mtu wa kusema barazani. Akamwambia naibu wa chifu, "Andika Kwa Ndeto. Sisi tulikuwa kwenye kamba." Akaketi.

Nyuma yake wale wanawake wazee wa mwethya, waliobaki, wakainua mikono mmoja mmoja. Naibu wa chifu hakuelewa, akanigeukia akauliza kama mzee ana pingamizi. Nikasema sina. Likaandikwa.

Nyumbani nilimkuta Kalekye anamenya mbaazi. Nikavua lile koti. Nilitaka kumgombeza kwa kuniaibisha mbele ya watu, lakini nilichouliza kilikuwa kingine.

"Mama Mwende, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile," akasema, na hakuacha kumenya. "Ulimwambia hakuna wimbo mbele yetu sote, Baba Mwende. Tuliposikia amenyang'anywa ufundi, tulikaa pale kisimani tukaulizana tufanye nini. Inspekta hakutuuliza sisi. Barua hatukujua kuandika. Mama yako ndiye aliyesema, basi tutapaita Kwa Ndeto, na tutapaita mbele yako kila siku, mpaka useme ukweli mwenyewe."

Mwaitu alikuwa ameshakufa, mwaka wa sita huo. Kila jioni alipokuwa hai alikuja mlangoni kwangu na maji mgongoni, akaniambia, "Mwanangu, natoka Kwa Ndeto," halafu akasimama kimya kidogo kabla ya kutua mzigo. Nilidhani anavuta pumzi.